Shamba Lililovaa Viatu

Asubuhi ile nilitoka nje kulisalimia shamba, nikakuta halipo.

Nasema halipo. Sisemi limekauka, wala limeliwa na viwavi, wala limekanyagwa na ng'ombe wa watu. Hayo yote nimeyaona katika umri wangu, nimeyalilia na nimeyasahau. Nasema pale lilipokuwa limelala tangu kabla sijaolewa, kuanzia nyuma ya jiko mpaka kwenye mfereji, palibaki mwamba mtupu, mwekundu, una unyevu kidogo, kama ufizi wa mtoto aliyeng'oka jino. Udongo wote ulikuwa umenyanyuka na mabua yake, na mizizi yake, na minyoo yake, ukaenda zake. Kuku walisimama ukingoni wanachungulia chini.

Naelijwa, mke wa mwanangu, alitoka jikoni na ungo wa mbegu za maharage. Alikuwa anazichagua kwa ajili ya kupanda, maana mawingu yalishaanza kukaa juu ya mlima kama wageni wasiotaka kuingia ndani. Akasimama. Akatazama mwamba, akanitazama mimi.

"Mama, liko wapi?"

"Mimi ndiye nikuulize, wewe uliyeamka mapema."

"Nilisikia kitu kizito kinapita. Nikadhani ni lori."

Akauweka ungo chini polepole. Naelijwa si mtu wa kupiga kelele. Mume wake, mwanangu Kiondo, alikwenda mjini siku nyingi, na huko akageuka kuwa sauti ya simu. Inalia, inauliza hali, inakatika. Naelijwa akabaki na mimi na shamba. Siku ile aliniambia neno moja tu, na alilisema kwa adabu, ndiyo maana likaniingia zaidi.

"Mama, sina ugomvi na wewe. Lakini mvua ikianguka hapa, ikakuta jiwe, mimi nafunga mzigo. Siwezi kupalilia jiwe."

Jirani yetu Senkondo alikuwa ameegemea ua wake anatusikiliza. Senkondo ni rika la marehemu mume wangu, kwa hiyo tunataniana.

"Pole, shemeji," akasema. "La kwangu lilikwenda zamani. Nasikia sasa ni stendi ya mabasi. Linafanya vizuri tu."

"Lilikuaga?"

"Hata. Lilikuwa limeanza kujipaka changarawe kila asubuhi. Mimi mjinga nikadhani ni mmomonyoko."

Basi nikafunga kanga kiunoni, nikachukua kipande cha muhogo uliolala, nikalifuata. Halikuwa gumu kufuatwa. Shamba likitembea linadondosha udongo njiani, na huo udongo wetu nakujua kunuka kwake kama ninavyojua kunuka kwa shingo za wanangu.

*

Njia ni ndefu, na mtu akiwa njiani peke yake anaanza kujiuliza maswali ambayo nyumbani sufuria humkatiza.

Huku kwetu mtu husema: shamba langu. Anasema bila kufikiri, kama anavyosema pua yangu. Lakini mimi nimeingia pale nikiwa bibi harusi, nikalikuta shamba limeshawazika wakwe wa wakwe zangu. Liliwalisha, halafu likawala. Lilinilisha na mimi, nikapata nguvu ya kuzaa, nikamzika mume wangu ndani yake, na mwaka uliofuata mbaazi za upande ule zilikuwa nene. Nikazila. Sasa niambie, nani mwenye mwenzake? Mtu ni nini kama si udongo uliokubali kusimama wima kwa muda, ukajipa jina, ukaanza kugombana na majirani kuhusu mpaka? Na udongo ni nini kama si watu waliochoka kusimama? Nikiwa naenda nikawa nawaza: pengine halikutoroka shamba. Pengine lilitoroka lile neno, langu, na udongo ukalifuata.

Sijui. Nilisoma mpaka darasa la tatu. Yapo maswali wanayoyafundisha la nne.

Na nchi yetu ni kubwa. Ni kubwa kiasi kwamba mvua ikianza kunyesha upande mmoja, inafika upande wa pili imezeeka. Wapo wanaovuna wakati wengine wanafukia mbegu, wapo wanaofanya tambiko la mvua siku ile ile wengine wanapanda juu ya mapaa kukimbia mafuriko. Katika nchi kubwa namna hii umri hautulii. Nilipopinda kona ya kwanza nilikuwa bibi wa magoti mabovu. Kona iliyofuata nikajikuta binti, nina jembe la mama begani na matiti yanauma kwa kuota. Nikapita mahali nikawa sijazaliwa bado, nikaona mlima bila njia na miti inanitazama kana kwamba mimi ndiye wa kuulizwa. Nikapita mahali pengine nikawa nimekwisha kufa, na hapo ndipo nilipotembea upesi, maana magoti hayakuniuma. Udongo ulikuwa unadondoka mbele yangu wakati wote. Huo tu ndio haukubadilika.

Chini ya kilima kimoja nikakuta nyanya.

Simaanishi tenga la nyanya. Namaanisha nyanya zilizorundikwa zikapita urefu wa nyumba, nyekundu, zinachuruzika, na nyuki wamelewa juu yake. Wanawake wamekaa pembeni wameshika tama.

"Chukua, mama," mmoja akaniambia. "Chukua bure. Zinatucheka."

"Hamuuzi?"

"Tumuuzie nani? Kila mtu hapa analo rundo lake. Mwaka huu ardhi imetupenda mpaka imetuua."

Nikala moja nikiwa nimesimama. Tamu. Nikapanda kilima, nikateremka upande wa pili, nikajikwaa kwenye kijiji cha watu wenye midomo mikavu. Palikuwa na kibanda, na ndani yake mwanamke anauza nyanya za kopo. Kopo lina picha ya nyanya, na limetoka ng'ambo ya dunia.

"Mwenzangu," nikamwambia, "nyuma ya kilima hiki kuna nyanya zinaoza."

"Nyuma ya kilima ni mbali, mama."

"Ndiko ninakotoka sasa hivi. Kwa miguu."

"Wewe una miguu," akasema, akiwa anapangusa makopo yake. "Nyanya hazina."

Neno lake nililiweka. Nyanya hazina miguu, nikawaza nikishuka. Shamba langu linayo.

*

Mji unapoanzia hapana ukuta. Pana vumbi jeupe la saruji, na katika vumbi lile ndipo nilipoyaona mashamba. Mengi, wanangu. Mengine yamesimama kwenye foleni, yamekunja udongo wake chini ya kwapa. Mengine yamelala chali, yameshamwagiwa zege tumboni, vyuma vimeota mahali pa migomba. Lilikuwapo shamba la mpunga lililokuja na maji yake yote, linatetemeka, na vyura wake hawajui waimbe au wanyamaze. Lilikuwapo la kahawa lenye kikohozi.

Kijana mtu mzima, shati limeingizwa vizuri kwenye suruali, alikuwa anapita kati yao na kamba na vigingi. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeiba mashamba ya watu?"

Akacheka, lakini bila furaha. "Mimi ni mpimaji, bibi. Naitwa Mbonea. Siibi. Yanakuja yenyewe, mimi nayapa pa kukaa. Nimesomea kupima, nchi imeniambia kipimo inachotaka ni hiki."

"La kwetu limepita hapa? Lina mteremko kidogo, halafu lina kovu la mfereji upande wa kushoto."

"Lile lenye mdomo?" akasema. "Liko pale kwenye benchi."

Lilikuwa limekaa nje ya duka la saruji, limejikunja kama jamvi, linasubiri zamu yake ya kumwagiwa zege. Miguuni limevaa viatu vyeusi vya kamba, na kamba zenyewe limezifunga vibaya. Nilikuwa nimelijua kwa harufu kabla sijaliona. Nikasimama mbele yake nikatoa salamu, maana hata kama umekasirika, aliyekuzidi umri ni aliyekuzidi umri.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Kiondo," likasema. "Umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe. Mvua iko mlimani. Naelijwa amesema isipokukuta anaondoka, na akiondoka yeye, nyumba imekwisha. Twende."

"Mimi nimeshapata kazi. Nitakuwa ghorofa."

"Ghorofa linaota nini?"

"Ghorofa halitakiwi kuota. Ndiyo uzuri wake."

Nikakaa pembeni yake. Sikuharakisha. Nimelea watoto, nimeotesha migomba, nimesubiri mifereji ijae. Najua kwamba anayesema ovyo ana jingine chini. Nikavunja muhogo wangu, nikala nusu, nusu nikaufukia katika pindo la shamba, mahali ambapo udongo ulikuwa bado laini. Tukakaa. Watu wa saruji wakapita. Baada ya muda likaanza kusema, na lilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na ukuta.

"Nilikuwa nimelala pale, Mama Kiondo. Sikumdai mtu kitu. Watoto wanapita kwenda shule. Anayewahi anaingia darasani. Anayechelewa anapewa jembe, analetwa kwangu. Aliyepiga kelele, kwangu. Aliyeshindwa hesabu, kwangu. Aliyetukana, alime matuta. Mwizi akikamatwa, anafungwa, anapelekwa shamba. Nikisikiliza majumbani, baba anamkaripia mwanawe: usiposoma, utalima. Mama anapiga magoti anamwombea bintiye: Mungu, mwepushe na jembe. Mimi nasikia. Udongo una masikio, yale matundu ya minyoo mnadhani ni ya nini? Nikajitazama toka ukingo mpaka ukingo. Nikajiuliza, kumbe mimi ndiyo jehanamu yao? Na jioni wanakuja, wananawa mikono, wananila. Watu gani hawa wanaokula jehanamu na mchicha?"

Nilitaka kusema si kweli. Halikunipa nafasi.

"Halafu mnanipa mahindi," likaendelea. "Mwaka huu mahindi, mwakani mahindi, mwaka wa tatu mahindi, kama mgonjwa anayepewa uji mpaka anasahau kutafuna. Mabua yangu mnachoma. Samadi yangu inapanda pikipiki inakwenda kuuzwa. Halafu mnasema, ardhi imechoka. Nani amenichosha? Sasa nimevaa viatu. Nimekuja mahali ambapo hakuna atakayeletwa kwangu kwa sababu amekosa."

Hapo nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kuzito kuliko tenga la mawe. Kumbe nchi nzima, kubwa yote hii, toka ziwa mpaka nyika, ilikuwa imefanya kosa moja, tena imelifanya kwa upole, kila asubuhi, baada ya kengele. Ilichukua kitu kinachoilisha ikakifanya fimbo. Ikamfundisha mtoto kuandika neno shamba ubaoni, na alipokosea herufi ikampeleka kulilima. Nani atapenda mahali alipopelekwa akilia? Nani atarudi kwa hiari mahali pale akiwa mkubwa, ana akili, ana nguvu, anaweza kuchagua? Watawala wetu wanauliza vijana wamekwenda wapi. Hawajauliza mashamba yamekwenda wapi, na ni swali hilo hilo.

Lakini nilikuwa na jambo langu.

"Unanikumbuka mimi nikiwa shule?" nikauliza.

"Wewe hukuwa wa kijiji chetu."

"Udongo ni ukoo mmoja. Unanikumbuka?"

Likafikiri. "Kuna kasichana kalikuwa kanachelewa sana," likasema. "Kila siku. Kalikuwa kanaletwa na jembe kubwa kuliko kenyewe. Kalikuwa na kovu la kuungua hapa mkononi."

Nikanyoosha mkono. Kovu lipo mpaka leo.

"Nilikuwa nachelewa makusudi," nikasema.

Shamba likauinamia mkono wangu.

"Nilikuwa nafika mtoni mapema kuliko wote. Nakaa juu ya jiwe, nasikiliza. Kengele ikilia, nakaa kidogo tena, ndipo naondoka. Darasani mlikuwa na joto na mwalimu anauliza maswali. Kwako kulikuwa na viwavi wa kijani, na viazi unavyovigusa kwa vidole kabla hujaviona. Wenzangu walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa nainama ili mwalimu asione uso wangu unacheka."

"Uongo."

"Muulize mwalimu."

"Mwalimu alishakufa."

"Basi yuko kwako. Muulize."

Shamba likatulia kabisa, kama mtu anayepekua mifuko ya ndani. Mavumbi ya saruji yakapita. Kisha udongo ukaanza kutikisika, kwanza pembeni, halafu katikati, mabua yakagongana, mchwa wakatoka mbio kuona kuna nini. Lilikuwa linacheka.

"Anasema ni kweli," likasema. "Anasema alijua. Ndiyo maana siku nyingine alikuwa anakusamehe, ili kukukomesha."

Nikacheka na mimi mpaka nikashika mbavu. Miaka yote ile nilikuwa najiuliza kwa nini yule mwalimu alikuwa na huruma siku za viazi.

Wanangu, kicheko cha ardhi si jambo dogo. Kinasikika chini kwa chini. Shamba la kahawa likaacha kukohoa. La mpunga likauliza, nini, kuna nini, na la mihogo likaliambia: yupo mmoja aliyekuja kwetu kwa kupenda, alichelewa makusudi. Yupo mmoja. Likalisimulia la pamba, la pamba likalisimulia la miwa, na mashamba yaliyokuwa kwenye foleni yakaanza kutazamana, kama watu kwenye msiba wasio na uhakika kama marehemu amekufa.

Shamba letu likainama, likavua viatu. Likaviweka juu ya benchi vizuri, visigino pamoja, kwa ajili ya mwingine mwenye haja navyo. Likasimama.

"Nitarudi mpaka pale nilipokuwa," likasema. "Lakini silali, Mama Kiondo. Nisikie vizuri. Wewe mmoja hunitoshi. Wewe unazeeka, utakuja kwangu upesi na utakuwa kimya. Nitasimama ukingoni mwa ule mwamba, niseme na yule anayebaki. Nikimkuta naye ameletwa kwangu kama adhabu, nageuka hapo hapo."

"Sawa," nikasema.

*

Mnajua mji unafanyaje mashamba yanapoinuka? Hauna la kufanya. Zege jipya linapasuka tu kama ganda la yai. Watu madirishani wameshika vijiko. Mmoja anasema, shamba la bibi yangu lile, naijua ile miparachichi. Anateremka ngazi na kandambili. Mwingine anateremka. Vigingi vinang'oka kimoja kimoja, vinaruka kama panzi, na kamba za kupimia zinakatika.

Mbonea alikuwa amesimama katikati. Akaokota kamba yake iliyokatika, akaifunga fundo, akaanza kuikunja mkononi. Akanifuata.

"Bibi, huko mnakokwenda hakuna cha kupima?"

"Kama nini?"

"Maji. Mfereji ukichimbwa bila kupima mteremko, unakula kingo zake. Nilisomea hilo kwanza, kabla ya viwanja. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Nimekuuliza," nikasema. "Twende."

Si yote yaliyoinuka. Tulipopita kwenye stendi ya mabasi nilisimama nikaliita la Senkondo kwa jina lake la zamani. Lilijaribu, ninaapa. Lami ilivimba, mabasi yakayumba, abiria wakashika viti. Halafu likatulia. Likaniambia kwa chini kabisa nimsalimie Senkondo, nimwambie lisingeondoka kama angeuliza siku ile kwa nini lina changarawe. Nikakubali kulibeba neno hilo, na lilikuwa zito.

Kilima cha nyanya tulikifikia adhuhuri. Mashamba hayakuuliza kilima kina urefu gani. Yalipanda, na mguu wa shamba si mguu wa mtu: yaliyotangulia yakakikanyaga, yaliyofuata yakakikanyaga, na yale ya nyuma yakapita mahali tambarare, njia pana, ngumu, yenye mifereji pembeni. Wale wanawake wa nyanya waliliona jua upande ambao hawakuwahi kuliona. Wakanyanyuka bila kuulizana. Matenga kichwani, matenga kwenye baiskeli, matenga kwenye mikokoteni ya punda. Niligeuka nyuma nikamwona yule wa kibanda amesimama kati ya makopo yake, ameshika nyanya mbichi kwa mikono yote miwili, anainusa.

"Zimepata miguu," akaniambia.

"Ndiyo," nikasema, "na wewe kaza yako, kuna kazi ya kuzianika kabla hazijaoza."

Nilikuwa binti kona moja, bibi kona nyingine, na sikujali. Ardhi yote ilikuwa inarudi, inaimba kwa sauti isiyo na maneno, na mimi katikati yake nimebeba kanga mkononi kwa sababu ya joto. Nimewahi kuolewa, nimewahi kujifungua salama mtoto aliyetanguliza miguu. Siku zote hizo zilikuwa ndogo kuliko ile.

*

Lakini mvua ilitutangulia.

Tulipofika mgongoni mwa mlima, tone la kwanza lilishaniangukia puani. Nikatazama chini nikaona nyumba yetu, na mlangoni Naelijwa amekaa juu ya mzigo uliofungwa, kamba imevutwa mpaka fundo la mwisho. Senkondo amesimama naye, anamshikia mwavuli.

Tukateremka, na nilipomletea neno la shamba lake, Senkondo alishika kichwa akakaa chini kwenye jiwe. "Hata sikuuliza," akasema, basi.

Shamba letu likasimama ukingoni mwa mwamba. Halikulala. Mvua ikaanza kulidondokea, na udongo ukaanza kuchuruzika kidogo kidogo kwenda bondeni. Nikajua kwamba likisimama hivyo muda mrefu, litaisha mbele ya macho yetu.

"Mkaza mwana," likamwambia Naelijwa. "Nani amekuleta kwangu?"

Nikamkonyeza Naelijwa aseme neno tamu. Hakunitazama. Akasimama, akajifuta mikono.

"Nitasema kweli," akasema. "Mimi sikupendi."

Nikafumba macho.

"Mama anakupenda. Mama kaumbwa hivyo, anapenda hata muhogo uliolala. Mimi nimefika kidato cha nne. Nilipofeli, baba yangu alinionyesha jembe kwa kidole, hakusema kitu. Kwa hiyo ndiyo, nililetwa kama adhabu. Lakini kifungo changu nilishakimaliza siku nyingi, na mlango ulikuwa wazi. Nimebaki mwenyewe, na sikuambiwa na mtu."

"Ulibaki kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nakupigia mahesabu." Akalisogelea. "Ninakuona unavyoweza kuwa, ukiacha kuombwa na ukianza kuendeshwa. Nataka maji yasiyosubiri huruma ya wingu. Tuchimbe ndiva, bwawa letu la kuzuilia maji ya mfereji, kubwa kuliko la zamani. Samadi haitoki tena hapa. Mahindi hayakai peke yake, yatakaa na maharage na mbaazi na migomba. Na nataka uitwe kwa jina langu. Sitakushikilia kwa niaba ya sauti ya simu. Siku nikichoka nitakuambia nimechoka, usinidai nyimbo."

"Na mimi nikichoka?"

"Utasema. Utalala mwaka mzima, na sitakugusa."

Mvua ikazidi. Shamba likamtazama kama mtu aliyesikia jambo la kumfaa na haamini bado.

"Wamenitolea mbuzi," likasema mwishowe. "Wamenimwagia pombe. Wamenililia. Hakuna aliyewahi kuniambia nilale." Kisha likanigeukia. "Mama Kiondo, usinune. Kwako nilicheka. Kwa huyu nitaishi. Jina lako nani, binti?"

"Naelijwa."

Nikiri, moyo ulinichoma. Nimelipenda umri mzima, na limemchagua asiyelipenda. Mchomo ukakaa kidogo, halafu ukageuka ukawa kitu kingine, kipana, chepesi, kikanijaa mpaka kooni. Kupenda kwangu kulilirudisha. Kulilaza hakukuwa kazi ya kupenda.

Likalala. Lilijikunjua kutoka nyuma ya jiko mpaka mferejini, likajinyoosha viungo, na mwamba ukafunikwa. Maji yaliyokuwa yanakimbia yakasimama, yakaingia ndani.

Senkondo ndiye aliyeinuka akaenda kuchukua baragumu. Huku kwetu likilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, ndiyo kazi ya pamoja tunayoiita msaragambo. Akalipuliza yeye asiye na shamba, mashavu yamemvimba, mvua inamwingia machoni. Watu wakaja. Wa kijiji wakaja, na wale wa kandambili walioteremka ngazi wakaja, hawajui kushika jembe, wakaonyeshwa. Walimu wakaja na watoto, na hakuna mtoto aliyekuwa amekosa kitu. Mbonea alikuwa ameshatandaza kamba yake yenye fundo, amepiga magoti kwenye tope na suruali yake nzuri, anaangalia maji yanapenda kwenda wapi.

"Ndiva inakaa hapa," Naelijwa akasema.

"Hapo ndipo ninapolala," shamba likasema.

"Sogea."

Likasogea. Tuliliona sote kwa macho yetu, ardhi ikijivuta pembeni kama mtu anayempisha mwenzake kitandani.

"Hapa panatosha?"

"Bado," akasema Naelijwa, akiinua jembe. "Sogea tena."